Issa Alishuka Mwali

Ukitoka hospitali ya Msambweni ukashika njia ya sokoni, utaliona benchi la mbao limeegemea ukuta wa duka ambalo halijafunguliwa tangu mwenyewe ahamie Ukunda. Hapo ndipo wanapokaa, kila baada ya sala ya alasiri, watu ambao dunia haina siri kwao. Jaafar humimina kahawa. Boga wamembandika jina la Daktari, kwa kuwa hakuna ugonjwa asioujua dawa yake, wala hakuna mgonjwa ambaye yeye amewahi kumponya. Sanga ni Satelaiti, maana habari humfikia kabla hazijatokea. Na wa nne ni mzee Dzombo, msukaji wa vitanda vya kamba, ambaye zamani alikuwa mbishi kuwashinda wote, na siku hizi huja kusikiliza tu. Mwanawe Issa alikuwa na jicho la kumwona nyangumi akipumua kule mbali, watalii hata darubini hawajazitoa. Jicho hilo ndilo lililomwajiri kwenye meli ya kitalii inayovizunguka visiwa vya Ngazija, kuwaonyesha wageni nyangumi, kasa na mlima wa moto. Baada ya Maulidi simu zake zikakatika. Meli ikarudi Mombasa, yeye hayumo. Dzombo alipopiga ofisini kwao, mtu alimjibu maneno matatu: “Issa alishuka Mwali.” Akakata. Hakupokea tena.

— Mimi nishasema na narudia, Boga alianza, akipuliza kikombe. Kijana ameoa. Mwali ni kisiwa kidogo, wanawake wake wana heshima. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Hapo nani mgeni na nani mwenyeji? Jaafar akauliza.

— Wote wamepona, yakhe. Harusi ya Wangazija si mchezo, ni miaka ya kujipanga. Kijana yuwaona haya kupiga simu mpaka aikamilishe.

— Haya gani? Sanga akadakia. Issa aone haya? Huyu aliyemkatiza imamu hotuba kumwambia kipaza sauti hakifanyi kazi?

Dzombo alicheka kidogo. Ilikuwa kweli. Wakati ule Issa alikuwa na umri wa kwenda chuo cha Kurani, na alisimama katikati ya watu wazima akasema, “Maalim, hatukusikii.”

— Nisikilizeni mimi, Sanga akaendelea. Kule kuna mlima unaotoa moto. Kijana amewapandisha wazungu juu. Sasa moto ule, wallahi, unaharibu mawasiliano yote. Simu haishiki. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

— Ufa gani tena?

— Wa mlima! Kwani moto unatokea wapi?

— Lakini mlima wa moto uko Ngazija yenyewe, Jaafar akasema. Yeye alishuka Mwali.

— Moto unapita chini kwa chini, wewe! Visiwa vile ni ndugu.

Dzombo alijua kwamba ni uongo. Hakuwa mjinga. Lakini kila mmoja wao alipofungua kinywa, Issa alikuwa anafanya jambo: anaposa, anapanda mlima, anatafuta mahali pa kushika mtandao. Nyumbani, mke wa Dzombo, Mwanapili, alikuwa ameacha kumtaja mwanawe, na ukimya wa nyumba ile ulikuwa na meno. Kwa hiyo Dzombo alikuja hapa kila siku, akanywa kahawa chungu na maneno matamu, akarudi akiwa na mwana hai mpaka usingizi umchukue.

— Niwape ya kweli? Boga aliinama, akashusha sauti. Nyangumi. Yule mnyama humzoea mtu kama mbuzi. Kuna mmoja, jike kubwa, ameishika sauti ya Issa. Kila akipanda meli kurudi, jike lile lafuata nyuma. Kampuni ikaogopa: litaingia hadi bandari ya Kilindini, lipindue feri! Ndipo wakamwambia, baba, shuka Mwali, ukae naye mpaka akusahau.

— Na nyangumi husahau baada ya muda gani? Dzombo akauliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema siku ile.

Boga akamtazama, na macho yakamlegea.

— Si muda mrefu, kaka. Si muda mrefu.

Pikipiki ikasimama. Akashuka msichana mwenye mkoba mgongoni, viatu vyake vimejaa vumbi jekundu.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanangu. Karibu kahawa.

— Asanteni. Mimi naitwa Purity. Tulikuwa tunafanya kazi na Issa kwa meli, mimi nilikuwa wa kusafisha vyumba. Tumemaliza kandarasi juzi tu, si eti nilikataa kuja. Niliambiwa watu wake huwa hapa. Nimekuja kuwapa pole. Matanga mlikaa lini?

Jaafar alikuwa anamimina. Kikombe kikajaa, kahawa ikamchoma vidole, naye hakuuondoa mkono.

Purity aliwatazama mmoja mmoja.

— Kampuni walituambia washawapigia. Walituambia sote.

— Tuambie wewe, Dzombo akasema.

Akawaambia akiwa bado amesimama. Issa alishuka na wageni kwa boti ya mpira, pale Mwali, kumtazama nyangumi na mtoto wake. Wimbi likaja kutoka upande wa mwamba. Bibi mmoja mzee akatupwa majini. Issa akajitosa, akamsukuma hadi wakamshika. Yeye mkondo ukamzungusha nyuma ya mwamba. Wavuvi wa kisiwani walimtafuta usiku na mchana, wasimpate. Meli iling’oa nanga kesho yake, kwa sababu wageni walikuwa na ndege za kuwahi.

— Huyo bibi, yu hai? Dzombo akauliza.

— Yuko hai, mzee.

Dzombo alitaka kusema alhamdulillahi. Ulimi ulilifikia neno, haukuweza kulibeba.

— Labda, Boga akaanza, labda wavuvi wa upande wa pili...

— Basi, ndugu yangu. Dzombo akamwekea mkono gotini. Umenisaidia vya kutosha. Jaafar, nenda kwa imamu. Mwambie hakuna jeneza.

Kisha akainuka, na wengine wakainuka nyuma yake, pamoja na msichana yule aliyekuwa analia kama ndiye aliyezamiwa na ndugu yake.

Mwanapili alikuwa kizingitini anapepeta mchele. Aliwaona wanakuja, kijiwe kizima, wale watu ambao kwa kawaida ungewasikia tangu kona ya sokoni, na hapakuwa na hata mmoja aliyekuwa akisema neno. Akauweka ungo chini.