Nywele za Vasuki Zimefika Masikioni

Benchi letu lipo mbele ya kibanda cha kahawa cha Nachimuthu, kwenye kona ya mtaa wa mafundi kufuli hapa Dindigul. Asubuhi ile nilifika na swali la binti yangu. Mwaka jana, mke wangu Sornam alipozidiwa, Vasuki alipanda mlima wa Palani akanyolewa kichwa chote, akamtolea Bwana Murugan, mungu wa mlima ule, nywele zilizokuwa zikimfika kiunoni. Watu hutimiza nadhiri wakishapewa walichoomba. Yeye alitimiza kabla. Sornam hakupona. Mungu ndiye ajuaye. Sasa mwaka wa msiba umekwisha, nywele zimefika masikioni, zimefura pande zote kama makumbi ya nazi, na kesho anarudi kufundisha watoto. Mwaka mzima hajatoka nje bila kujitanda kichwa. Alfajiri aliniuliza, “Baba, nizikateje zinipendeze? Mama angeniambia.” Nikamwambia asubiri, nikaenda kuuliza.

Walikuwepo tunayemwita Sinema, aliyeuza tiketi za sinema mpaka jumba likafungwa, na Hakimu, ambaye alikuwa tarishi wa mahakama. Nikawaeleza.

— Jepesi hilo, Kaka Thangavelu, akasema Sinema. Vasuki ana uso wa duara. Uso wa duara unataka nywele zipande juu kidogo, pembeni zilale. Najua nyuso mimi, nimeuza tiketi nusu ya umri wangu.

— Nyuso gani? akadakia Hakimu. Ulikuwa unauzia kwenye kitundu. Ulikuwa unaona mikono tu.

— Mkono una tabia ya uso!

— Haya, mzee wa mikono. Uso wa Vasuki ni mrefu. Ukiupandishia nywele juu, umejenga mnara. Mrefu unataka nywele zishuke kwenye paji, zijae pembeni, ziishie kwenye taya.

— Mrefu wapi bwana? Nimemjua tangu anatambaa. Duara kama kitumbua cha idli.

— Umri ule hata wewe ulikuwa duara.

— Uso ulikuwa duara, nikasema. Mwaka huu umepungua.

Nachimuthu aliendelea kumimina kahawa kutoka kikombe kwenda bakuli, bakuli kwenda kikombe, mpaka ikatoa povu.

— Mnahangaika na uso, akasema, na nywele zenyewe je? Zake zina mawimbi. Ukizikata sawa kama ukingo wa mkeka, zinafunguka kama mwavuli. Shingoni ziwe fupi, pembeni zipunguzwe unene, juu ziachiwe urefu zijilalie zenyewe.

— Na azitie maji kwanza, akasema Sinema. Wahenga walisema, ukiona mwenzako ananyolewa, wewe tia maji.

— Nywele za mawimbi zikilowa zinanyooka, akasema Nachimuthu. Fundi atakata kidole kimoja, zikikauka zimepanda viwili. Hao wahenga wako watamrudisha mtoto kwenye kipara.

— Basi ajikate mwenyewe, akasema Hakimu. Kinyozi hajinyoi. Lakini Vasuki si kinyozi, kwa hiyo sheria inamruhusu.

— Sheria ipi tena?

— Niliibeba mwenyewe kwenye faili. Halafu jambo kubwa hamjaligusa. Mlango wa nyumba ya kaka hapa unatazama kusini. Nywele zikigawanywa upande wa kulia, upepo wa kusini unaingia kichwani moja kwa moja. Kuna karani wetu alisahau jina la mkewe hivyo hivyo.

— Acha hizo! akasema Sinema. Upepo si kitu, ni maji. Maji ya visima vyetu yana chumvi, yanavuta uso chini. Ndiyo maana mtaa mzima tuna mashavu marefu. Sasa mtoto ukimwachia nywele upande mmoja, uso utavutwa upande huo. Mwaka hauishi, anatazama kule mjini Madurai.

— Na shule yake iko upande gani? akauliza Hakimu.

— Upande wa Madurai, nikajibu.

— Basi haina hasara.

Nilicheka. Kisha nikajisikia nikicheka, na sauti ile ilikuwa kama ya mgeni aliyeingia nyumbani bila kubisha.

Ndipo akafika mama mmoja ambaye hatukumzoea pale, na kapu la yasmini kichwani. Alisema anaitwa Pechiamma, ametoka Nilakottai, anataka kahawa isiyo na sukari nyingi. Akatua kapu. Alikuwa ametusikia tangu kwenye kona.

— Ni binti yako, kaka?

— Wangu.

— Anakata nywele fupi?

— Fupi, mama.

— Sasa maua atayashikiza wapi?

Hakimu akatazama ndani ya bakuli lake. Hata Nachimuthu aliacha kumimina.

Kwa mwaka mzima hakuna ua lililoingia nyumbani kwangu isipokuwa la kuweka mbele ya picha ya Sornam. Hiyo ndiyo desturi ya mwaka wa msiba, na niliishika. Kila asubuhi nimeomba Vasuki awe na nguvu, awe na subira. Sikuwahi kuomba siku moja avae maua.

— Nipimie, nikamwambia mama.

Akapima shada la yasmini kwa mkono wake, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, akakata uzi, akayafunga kwenye jani la mgomba.

Nilimkuta Vasuki ameketi mbele ya kioo, kichwa amekitanda.

— Wamesemaje, Baba?

— Wamesema mengi.

Nikamwekea jani mapajani. Alilitazama kwa muda kabla ya kulifungua. Kisha akashusha mtandio. Akajaribu kuyashikiza nyuma, yakateleza. Akajaribu juu ya utosi, yakateleza. Akakusanya kifungu cha nywele nyuma ya sikio la kulia, akakibana kwa pini, akapitisha uzi, akaondoa mkono taratibu. Yakashika.

Akageuza uso kwenye kioo, upande huu na upande ule.

— Hapa, akasema. Kwingine kote wapunguze. Hapa waache.