Wimbo Mmoja wa Kumpelekea Obonyo

Kona yetu iko hapa Nairobi, pale Mashimoni inapopakana na Makina: ubao mmoja mrefu juu ya mawe, umeegemea kioski cha maji, na mbele yake jiko la Rosebella. Rosebella anauza kahawa ya tangawizi, na hachelewi kukufukuza ukikaa bila kununua. Opondo tunamwita Waziri, kwa sababu ana jibu la kila kitu na hakuna hata moja limewahi kumsaidia mtu. Nyamai, seremala kutoka Kitui, ni Shemeji, maana alioa kwetu na akakubali tumsumbue. Mimi nashona viatu, naitwa Sindano, na wanaosema ni kwa sababu ya ulimi wangu ni watu wabaya. Jumapili hiyo tulikuwa wanne, na mwisho wa ubao palikuwa na nafasi ambayo hakuna aliyetaka kuikalia. Ilikuwa ya Obonyo.

Obonyo huchora mabango ya vinyozi na ya wauza kuku. Anaishi peke yake, na anapenda muziki wa aina moja tu, ule wa magitaa ya wazungu. Tena si roki ya kwenye redio. Yeye ni zile bendi ndogo zinazojirekodia zenyewe, vijana wenye huzuni wamejifungia gereji. Aliuita muziki huo indie, na alizitaja bendi zake kwa heshima kabisa. Mimi ni mtu wa rumba. Siku ya kwanza nilimwambia wazi kwamba hiyo ni kelele ya watu waliolala njaa. Hakujali. Kila Jumapili alikuja na kaspika kake, akatuchezea zile nyimbo anazozipenda kuliko zote, na akatutafsiria.

Kutafsiri ndiko kulitushika. Kiingereza tunajua, cha shule na cha kuombea kazi, lakini wale wanaimbia puani na gitaa limewafunika, hushiki kitu. Basi Obonyo alifanya kama wale madijee wa filamu kwenye vibanda vya video, wanaomfanya Mchina wa karate aagize githeri. Gitaa likianza anapunguza sauti kidogo, anasema, sasa huyu mzungu anasema hivi. Na mzungu wake alikuwa mtu wa hapa hapa. Alikuwa na mama aliyefariki, na ndugu mmoja ambaye hakufika mazishini. Alikuwa anavuka Ngong Road kwenda Kabiro, kule Kawangware, kumchungulia huyo ndugu kwa mbali. Tulicheka mpaka tukamwaga kahawa. Mzungu gani anajua Kabiro? Obonyo naye alicheka pamoja nasi. Halafu wimbo unafika pale katikati, ngoma zinaingia, na hata mimi mtu wa rumba nasogelea kaspika.

Nyimbo tulizipa majina yetu. Kuna Ya Mlango: ndugu anakuja na begi kwenye mvua, wiki moja baada ya mama kuzikwa, anabisha, na mzungu yuko ndani na hafungui. Kuna Ya Mayai, ile ya haraka haraka, ndugu anauza mayai ya kuchemsha na kachumbari, na mzungu anajificha nyuma ya kibanda asionekane. Kuna Ya Ngazi, ya polepole, ndugu amepata mtoto wa kike, na wanaishi juu ya ngazi za mbao kando ya mashine ya kusaga unga. Zilikuwa nyingi, na kila mtu kijiweni alikuwa na wake wa kufa na kuzikana.

Jumatano Obonyo aliangukia bangoni na rangi mkononi. Kiharusi. Upande mmoja umelala na maneno yamemkatalia. Jumamosi tulimwona wodini. Nesi akatuvuta kando, akasema mgonjwa anasikia na anaelewa kila kitu, shida ni kwamba hataki kula. Akiletewa uji anageukia ukuta.

– Akiendelea hivi tutampoteza, nesi alisema. Ana familia?

Waziri alijibu mbio kwamba familia ni sisi. Nesi akauliza kama kuna kitu anapenda sana, kitu cha kumfanya atake kuamka. Tukamwambia ni nyimbo zake. Akatukubalia tuje Jumatatu saa ya kutembelea na wimbo mmoja, kwa zile waya za masikio, maana wodi imejaa na wengine wanataka kulala. Wimbo mmoja, basi. Simu ya Obonyo ilibaki na Shemeji, nyimbo zote ziko ndani, na ndiyo sababu Jumapili hiyo tulikuwa tunagombana kwa sauti ya chini, kama watu wa matanga.

Waziri alitaka Ya Mayai. Alisema damu ya Obonyo imelala upande mmoja na inataka kushtuliwa, na kwamba wimbo wa haraka unaisukuma. Shemeji akasema hapana, upande wa kulia unaongozwa na sikio la kushoto, kwa hivyo ni Ya Ngazi, tena sikio la kushoto peke yake, la kulia tulizibe na pamba. Waziri hakukubali kushindwa na seremala. Akasema mashine za hospitali zina mlio wao, na gitaa la Ya Mayai lina mlio uo huo, hiyo ilishafanyiwa utafiti. Nilimuuliza na nani. Akasema na watu. Shemeji akaongeza kwamba bibi yake kule Kitui alifufuliwa na ngoma. Nilimuuliza alikuwa amekufa kabisa ama kidogo. Hakuna aliyecheka, na mimi mwenyewe sikuwa nimesema ili tucheke. Tulikuwa tunaogopa, ndio ukweli, na mtu mzima akiogopa anaongea upuzi.

Mimi nilitaka Ya Mlango. Niliwaambia kwamba huo ndio wimbo Obonyo alikuwa akiutafsiri na sauti inamkwama. Mzungu amesimama nyuma ya mlango wake, anasikia ndugu yake akiita, anahesabu hasira zake zote, na mkono hauendi kwenye komeo. Baadaye anafungua na hakuna mtu, kuna maji tu pale begi lilikuwa. Obonyo akifika hapo alikuwa hatuangalii.

– Huo utamuua, Rosebella akasema. Mtu mgonjwa unampelekea kilio?

– Ndio anaupenda zaidi.

– Anaupenda akiwa mzima, Sindano. Akiwa mzima.

Sasa hapo ndipo Ndanu alikuja. Huyu ni fundi wa nguo, amefungua mashine yake ng'ambo ya kinjia mwezi huu tu, hatujamzoea na hajatuzoea. Alitaka kahawa. Alikuwa amevaa fulana nyeusi yenye jina la bendi fulani kifuani, na aliposikia tunabishana juu ya nyimbo za magitaa akasimama na kikombe chake, hakuondoka.

– Niaje wasee. Samahani, mnasikiza indie hapa?

Tukamwangalia. Waziri akamweleza habari yote, kiharusi, uji, wimbo mmoja, na kwa mara ya kwanza hakuongeza chumvi. Ndanu akasema yeye amekua na huo muziki, kaka yake alikuwa akileta kaseti, na sasa huenda kwenye kila shoo ya roki anayoisikia hapa Nairobi, hata kama watu ni kumi. Akaomba kusikia Ya Mlango.

Shemeji akatafuta, akaweka. Gitaa moja, peke yake, kama mtu anayetembea chumbani bila viatu. Ndanu alifunga macho. Midomo yake ilikuwa inafuata maneno yote, hakukosa hata moja, mpaka ngoma zikaingia na zikaisha.

– Hii ni yangu pia, akasema. Niko nayo kati ya zile tano sitawahi kufuta kwa simu. Lakini mbona mnaiita Ya Mlango?

Nikamweleza mlango, mvua, begi, ndugu. Alinisikiza vizuri. Halafu akasema pole pole, kama mtu asiyetaka kuvunja kikombe cha mwenyewe:

– Mzee, hii wimbo haina ndugu. Ni jamaa amekosa usingizi, ako dirishani anaangalia taa za mji. Hiyo tu, mwanzo mpaka mwisho.

Waziri akasema haiwezekani, labda huo wimbo uko wa kwanza na wa pili. Shemeji akaweka Ya Mayai. Ndanu akasema hiyo ni ya msichana anajifunza kuogelea. Akaweka Ya Ngazi. Hiyo, akasema, ni ya mtu na gari lake la zamani, anaimba hataliuza. Hakuna ngazi, hakuna mashine ya unga, hakuna mtoto. Hakutucheka hata kidogo. Aliziheshimu zile nyimbo, na nadhani alituheshimu na sisi.

Nitasema ukweli, nilikasirika. Nilihisi nimedanganywa na mtu niliyemlilia wodini. Nikasema kwa hivyo miaka yote hii ametuketisha hapa anatuuzia porojo. Rosebella ndiye alinijibu. Alikuwa ameshika birika na hamimini.

– Sindano, kwa nini kila mara ilikuwa Kabiro?

– Alikuwa anaweka chumvi. Kama madijee.

– Madijee wanabadilisha. Leo Mchina ako Dagoretti, kesho ako Kisumu. Obonyo hakubadilisha. Mama ni yule yule. Ndugu ni yule yule. Kabiro ni ile ile.

Nilianza kuzipitia zile hadithi kichwani, moja moja, na ikawa kama mtu amenivua miwani ya mtu mwingine. Mzungu amesimama ng'ambo ya barabara, anamwona ndugu yake akimenyea mtoto wa mtu yai, na anarudi nyumbani bila kumsalimia. Tulikuwa tumecheka hapo. Mimi ndiye nilicheka zaidi, nikamwambia Obonyo mzungu wako ni mwoga sana. Na Obonyo akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, eeh, ni mwoga. Niliweka kikombe chini.

– Ana ndugu, Shemeji akasema. Obonyo ana ndugu, ako hai, na ako hapo tu.

– Na tulimwambia nesi familia ni sisi, Waziri akasema.

Kutoka kwetu mpaka Kawangware ni mwendo wa miguu, hata hutoi jasho jingi. Miaka yote hiyo Obonyo hakuumaliza. Alikuja kuketi na sisi, akaweka nyimbo zake anazozipenda, na akasemea humo kile hangeweza kusema kwa mdomo wake. Nani angemlaumu? Kukosa kumzika mama, kwetu sisi watu wa ziwani, si kitu cha kusema pole ikaisha. Na kumfungia ndugu mlango mama akiwa na wiki moja tu kaburini, hiyo pia si ndogo. Sijui nani alikuwa na makosa zaidi. Najua tu mmoja wao sasa amelala anaangalia ukuta, na si uji anakataa.

Ndanu akauliza kama ule wimbo bado tunautaka, anaweza kutusaidia kuuweka vizuri. Rosebella akasema hapana, wimbo ungojee. Tukaanza kukusanya. Kila mtu alileta kile wimbo wake ulikuwa umebeba. Ya Ngazi ilikuwa na mashine ya kusaga unga, ngazi za mbao nje, na kamba ya nguo yenye sare ya shule. Ya Mayai ilikuwa na kanisa la mabati ya kijani mbele ya pale ndugu anapoegesha kitoroli chake. Shemeji akakumbuka kuna moja, hatukuwahi kuipenda sana, ndugu alikuwa anakohoa na anachechemea mguu wa kushoto kwa ajili ya mpira wa utotoni. Waziri akakumbuka kofia ya sufu, hata kukiwa na jua. Dakika chache tu na tukawa na mtu mzima mbele yetu, unaweza kumwona akija. Nilifurahi, na nikaona haya kufurahi.

Waziri alishasimama. Alisema tufike Kabiro kabla huyo ndugu hajafunga biashara, tumwambie kila kitu, kesho saa ya kutembelea tuwe naye mlangoni mwa wodi, na aingie peke yake, sisi tubaki nje. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, mpango wake ulikuwa wa maana. Shemeji alikuwa anafunga kamba za viatu. Rosebella alikuwa anamwagia makaa maji.

– Sawa, Ndanu akasema. Na mkifika Kabiro, mtaulizia nani?

Shemeji akaniangalia, mimi nikamwangalia Rosebella. Tulitafuta kwenye Ya Mlango, kwenye Ya Ngazi, kwenye Ya Mayai, kwenye zile za mwisho mwisho ambazo tulizisikiza tukiwa tumechoka. Tulijua kikohozi chake, kofia yake na ngazi zake. Obonyo hakuwahi, hata mara moja, kumtaja jina.

Rosebella alijifunga leso, akaingia kinjiani kuelekea Ngong Road. Tukamfuata.