Baba Asikose Picha ya Nne

MUHARAMI: Posta ya Masasi hapa. Newala, sema sasa. Mtu wako nimekupatia, ameshika mkono wa simu. Dakika tatu.

JULIA: Haloo! Huko Masasi! Niliyempata ni dada au nimepewa mtu mwingine?

IDA: Ndiyo mimi Ida! Nani, Julia? Kuna nini? Nani anaumwa?

JULIA: Shikamoo dada!

IDA: Marahaba. Nani anaumwa?

JULIA: Haumwi mtu!

IDA: Mama?

JULIA: Mama mzima. Mzima kupita kiasi! Tangu asubuhi anatwanga muhogo na kuimba.

IDA: Anaimba? Mama?

JULIA: Anaimba mpaka jirani kaja kuchungulia.

IDA: Mama hajaimba miaka saba, Julia. Hebu nieleze vizuri. Tarishi wa posta kanikuta wodini nimeshika beseni la bandeji, ananiambia kimbia, simu ya Newala. Nimekuja na aproni yangu hivi hivi, Baba nimemkokota mkono kama mtoto, na wewe—unacheka?

JULIA: Baba yupo hapo?

IDA: Yuko kwenye benchi. Macho bado hayajapona. Dresa wa hospitali anasema la kulia limefunga utando, la kushoto anaona vivuli tu. Ananivuta aproni, anauliza nani kafa.

JULIA: Mwambie hakuna aliyekufa! [anacheka] Loo, dada, mwambie hivyo hivyo. Hakuna aliyekufa!

IDA: Baba, hakuna aliyekufa. Ni Julia, anacheka tu... Sijui, Baba... Julia, Baba anauliza kama umekunywa uraka.

JULIA: Mwambie mabibo ya uraka mwaka huu hayajaiva. Sikiliza. Jana gari la sinema lilikuja kwetu.

IDA: Umenitoa wodini kwa ajili ya sinema.

JULIA: Leo linakuja kwenu! Limekwisha pakia, sasa hivi linateremka. Saa moja jioni watatundika shuka lao uwanja wa mpira. Nataka umpeleke Baba.

IDA: Baba? Mwalimu Cecil? Huyu anayesema sinema ni mahali pa—

JULIA: Usiseme kwa sauti! Akisikia kwenda sinema atarudi Newala kwa miguu.

IDA: Halafu haoni, Julia. Utampeleka mtu asiyeona kutazama nini?

JULIA: Si lazima aone. Asikilize.

IDA: Asikilize nini? Haloo? [waya unavuma] Haloo!

JULIA: Nipo! Nakueleza moja baada ya nyingine, maana nikiruka hutaniamini. Picha zilikuwa nne. Ya kwanza, Malkia anavikwa taji.

IDA: Nilisikia. Nzuri?

JULIA: Farasi wazuri. Gari la dhahabu, sawa. Lakini, dada, mvua inawanyeshea, watu maelfu wamejipanga barabarani tangu jana yake, na hakuna hata ngoma moja! Shughuli kubwa namna ile na hakuna mwanamke aliyepiga kigelegele. Nikamwambia Yuliana jirani yetu, hawa hawana mashangazi?

IDA: [anacheka] Wewe!

JULIA: Ya pili ndiyo iliyotutisha. Bwana mmoja wa Ulaya anaosha motokaa yake. Basi. Picha nzima anaosha motokaa. Ameshika mpira wa maji, anamwaga. Anamwaga juu, anamwaga chini, anasimama kuzungumza na mkewe na maji yanamwagika tu kwenye majani!

IDA: Mbele ya wanawake wa Kitangari?

JULIA: Wanawake wanaoteremka bondeni alfajiri na kurudi adhuhuri na ndoo moja! Wa kwanza alisema polepole, "Funga." Wa pili, "Funga wewe!" Mwisho uwanja mzima umesimama, "Funga! Funga! Yanakwisha!" Kuna mmoja alimtupia kanga.

IDA: Mungu wangu.

JULIA: Ikabidi Edmund aizime katikati.

IDA: Edmund ndiye nani?

JULIA: Yule msemaji wao. Anakaa na kipaza sauti pembeni ya gari, anaeleza picha kwa Kiswahili. Mtu wa Nanganga. Mkumbuke huyo, nitamrudia. Ya tatu ni—

MUHARAMI: Newala, dakika tatu zimekwisha.

JULIA: Bwana Muharami, tafadhali! Bado picha mbili!

MUHARAMI: Ya tatu ni ile ya bastola wanayoisimulia mstari mzima tangu asubuhi?

JULIA: Ndiyo hiyo.

MUHARAMI: ...Endelea. Dakika tatu nyingine.

IDA: Muharami, kumbe unasikiliza?

MUHARAMI: Nahakikisha mstari haukatiki, Mama.

JULIA: Ya tatu haina maana. Mzungu mwenye kofia yuko juu ya farasi, anapiga bastola. Bwanali, si unajua alipigana na Wajapani huko Bama, alikuwa anahesabu kwa sauti. Thelathini na nne! Bastola ya risasi sita imetoa thelathini na nne, na yule bwana hajatia mkono mfukoni hata mara moja. Bwanali akasimama, "Mimi hiyo bastola ningepewa, vita ingekwisha Jumanne."

IDA: [anacheka] Na mapenzi je? Nasikia wanaonyesha.

JULIA: Wamekumbatiana hivi, nyuso zinakaribiana, zinakaribiana—mke wa padri akawasha taa yake ya mkononi akaimulika shuka. Hatujui mpaka leo waliishia wapi.

IDA: Nimevunjika mbavu. Haya, nimecheka, asante. Sasa nirudi wodini.

JULIA: Bado ya nne.

IDA: Julia, wagonjwa wana—

JULIA: Hiyo ya nne ndiyo simu yenyewe.

IDA: Haya.

JULIA: Imetengenezwa Dar es Salaam. Watu weusi tupu, wanasema Kiswahili wao wenyewe, Edmund akaweka kipaza sauti chini. Kuna mwizi kaiba jogoo wa mwalimu wa shule, na mwalimu anamfukuza mji mzima. Sokoni, kwa kinyozi, ndani ya harusi ya watu. Ni hilo tu. Lakini nakuambia kweli, dada, zile tatu hata wasingezileta. Mwizi hajui kuigiza, anatazama kamera kila mara kama anaiomba ruhusa. Bibi harusi naye mkavu kama ubao. Lakini mwalimu!

IDA: Ana nini?

JULIA: Ana koti refu, ana mwavuli, miwani iko ncha ya pua. Na kabla hajasema neno anakohoa mara mbili. Kisha anavua miwani, anaipangusa kwa pindo la koti, anaivaa, anasema... Dada, umekaa?

IDA: Nimesimama.

JULIA: Anasema, "Nitegeeni masikio, mbuzi wa Bwana ninyi."

IDA: [waya unavuma]

JULIA: Dada?

IDA: Mbuzi wa Bwana.

JULIA: Ndivyo alivyosema.

IDA: Hayo ni maneno ya B—

JULIA: Usitaje!

IDA: Hakuna mwalimu mwingine anayewaita wanafunzi hivyo. Na hakuna mtu aliyewahi kumwigiza ila mmoja. Siku ya sikukuu ya mavuno, mbele ya padri, na lile koti akiwa amelivaa lenyewe.

JULIA: Wewe umesema. Mimi sijasema.

IDA: Julia, usinifanyie hivi. Tulimwombea ndugu yetu kama marehemu. Kengele iligongwa. Dastani mwenzake alitoka mkongeni akatuletea blanketi la marehemu!

JULIA: Dastani alionyeshwa kaburi lililokwisha fukiwa. Akaambiwa, huyu ni Nathanaeli wa Newala. Huko mkongeni Nathanaeli wa Newala wako wangapi, dada? Kila Pasaka wanabatizwa watatu!

IDA: Watu hufanana.

JULIA: Nilisema hivyo hivyo. Nikajishika mikono, nikasema watu hufanana, Julia, kaa chini. Newala yote inapiga kelele, "Mwalimu Cecil! Mwalimu Cecil!" wanadhani ni mchezo tu. Mama yuko pembeni yangu, kimya, kanga mdomoni. Basi mwalimu anamkimbiza mwizi, haangalii mbele, kuna shimo la chokaa wajenzi wamelichimba, akatumbukia. Mwavuli ukabaki juu. Na kutoka mle shimoni akalia, "Mama Ida wee!"

IDA: Alisema nini?

JULIA: "Mama Ida wee, njoo unitoe!"

IDA: [kiti kinavutwa]

JULIA: Na Mama akaitika.

IDA: Aliitika nini?

JULIA: "Abee, mwanangu!" Akasimama, dada, akavua ndara, akaanza kwenda. Anapita katikati ya watu waliokaa, anakanyaga miguu ya watu, anakwenda kwenye shuka. Watu wakacheka kwanza. Halafu wakanyamaza. Mama kafika mpaka mbele, kivuli chake kimeingia ndani ya picha, kaweka mkono pale penye shimo.

IDA: Mama yangu...

JULIA: Edmund akasimamisha mashine. Akaja, akamwuliza, "Mama, unamfahamu huyu?" Mama akamjibu, "Nimemzaa. Mwambie atoke."

IDA: [analia] Na Edmund kasema nini?

JULIA: Anamjua! Mwezi wa sita walikula pamoja Kariakoo! Anapiga pasi kwenye duka la fundi cherehani, kaoa, ana mtoto wa kike. Ni mzima, Ida! Mzima na amenenepa! Hayo ya Mama Ida hayakuandikwa kwenye karatasi yao, aliyatia yeye mwenyewe, na mzungu wa kamera akayapenda, akayaacha.

IDA: Kwa nini hakuandika? Barua moja tu.

JULIA: Edmund alimwuliza. Kasema aliambiwa nyumbani hata barua yake haitafunguliwa.

IDA: ...Ndiyo. Aliambiwa. Nilikuwepo.

JULIA: Ndiyo maana nataka aende bila kuambiwa. Akiisikia ile sauti mwenyewe—

IDA: Ngoja. Baba anauliza kwa nini nalia. Hapana, Baba, siyo msiba... Ni vumbi... Nitakwambia nyumbani...

MUHARAMI: Mwalimu, Nathanaeli yuko hai!

IDA: Muharami!

MUHARAMI: Nisamehe, Mama, imenitoka! Mwalimu, yuko Dar es Salaam, yumo ndani ya sinema, kanenepa, ana mtoto!

JULIA: Muharami, nitakuja huko nikunyonge na waya wako!

IDA: Julia, Baba kasimama. Ananyoosha mkono. Anataka simu.

JULIA: Usimpe! Mpe. Sijui. Mpe!

[kitu kinagonga meza]

CECIL: Julia.

JULIA: Shikamoo Baba.

CECIL: Marahaba. Mtu wa posta anasema maneno. Ni kweli?

JULIA: Ni kweli, Baba.

CECIL: Umemwona wewe, au umeambiwa?

JULIA: Nimemwona. Nimemsikia. Na Mama pia.

CECIL: [waya unavuma] Na humo ndani anafanya kazi gani?

JULIA: Anaigiza.

CECIL: Anamwigiza nani?

JULIA: Mwalimu mmoja.

CECIL: Mwalimu gani?

JULIA: Mwalimu... mtu mzima. Mwenye mwavuli.

CECIL: Julia.

JULIA: Ni wewe, Baba. Miwani, koti, mbuzi wa Bwana, vyote. Samahani.

CECIL: Watu walicheka?

JULIA: Baba, sinema ni—

CECIL: Nimekuuliza, walicheka?

JULIA: Walicheka mpaka Bwanali kaanguka na baiskeli yake.

CECIL: Wa Newala tu?

JULIA: Newala, Mkunya, Kitangari. Watu hata elfu.

CECIL: Mimi nilimfukuza kwa kuwachekesha watu thelathini.

JULIA: Ndiyo, Baba.

CECIL: Yule siku ile alikosea mahali pamoja tu. Mwavuli mimi huushika kushoto.

JULIA: Jana aliushika kushoto, Baba.

CECIL: Hm.

JULIA: Baba? Baba, upo?

CECIL: Huyo Edmund niliyemsikia Ida akimtaja, ana anwani yake?

JULIA: Anayo. Nimemwambia akutafute leo jioni hapo uwanja wa mpira, wakionyesha sinema.

CECIL: Vizuri. Ida ataandika, mimi nitasema. Nitamwambia barua yake nitaifungua. Si lazima aombe radhi, asijisumbue na hilo. Aje na mtoto. Mwanawe anaitwa nani?

JULIA: Sikuuliza, Baba, nilikuwa nalia.

CECIL: Mjinga wewe. Nitamwuliza Edmund. Mwambie mama yenu... Hapana, nitamwambia mwenyewe nikirudi. Shika, Ida.

MUHARAMI: Jamani, dakika tisa. Lindi wananipigia kengele, wanataka mstari.

IDA: Julia! Anatafuta mlango. Baba, mlango huku! Anasema anakwenda uwanjani kukaa mbele.

JULIA: Saa hizi? Saa nne asubuhi?

IDA: Anasema watu wa Masasi ni wengi, watamzibia sauti! Ngoja nimfuate, ataanguka ngazini. Julia, msalimie Mama, mwambie—mwambie aendelee kuimba. Nitapiga kesho!

JULIA: Dada, subiri, ana hasira? Uso wake ukoje?

IDA: Sijui! Ameshika ukuta wa nje, mabega yanatikisika. Anali— hapana. Julia, anacheka! Nakwenda, kwaheri, kwaheri!

JULIA: Ida! Ida, usiweke chini!

MUHARAMI: Keshatoka, Mama. Nawakata.

JULIA: Bwana Muharami, kwa hisani yako, elekeza mkono wa simu mlangoni nisikie. Kidogo tu.

MUHARAMI: Lindi wataniua... Haya, sikia.

[kwa mbali mtu mzima anacheka, anavuta pumzi, anaanza tena]

MUHARAMI: Umesikia?

JULIA: Nimesikia.

MUHARAMI: Haya. Kwaheri, Newala.