Mwalimu Kimo na Ngazi Mia na Kumi na Mbili

Marehemu, ambaye wanafunzi walimbandika jina la Mwalimu Kimo, alizaliwa tarehe 3 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi wa reli. Alikuwa mtoto wa tatu wa fundi breki.

Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1974, akafundisha fizikia miaka thelathini na minne katika shule iliyo chini ya kilima hiki. Kila mwaka alimpa mwanafunzi mmoja jiwe apande nalo kwa ngazi, na mwingine jiwe la uzito uleule azunguke nalo kwa barabara. Wakifika juu waliyadondosha kwenye mchanga kule chini, na mashimo yakawa na kina kimoja.

"Dunia haiulizi umepita wapi," aliwaambia. "Inauliza kimo tu. Ulichoweka kwa kupanda, inakirudisha chote kwa kasi."

Mwaka 1979 alimwoa mshonaji. Siku ya kuhamia huku juu alibeba cherehani ya mkewe kwa ngazi, zote mia na kumi na mbili, akishikilia kwamba kimo ni kilekile. Alifika hoi. Mkewe akamfuta uso, akamuuliza, "Na hili jasho nalo litarudishwa?" Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini.

Agosti 2023 moyo wake ulianza kumsumbua. Daktari alimwambia, "Mzee, ngazi basi. Zunguka barabarani, polepole, upumzike njiani." Mwalimu hakukubali kirahisi. Alipiga hesabu nyuma ya bahasha ya dawa: kilo sabini, mita kumi na tisa, jouli elfu kumi na tatu na ushee, njia zote mbili. Akampelekea binti yake mkubwa, naye mwalimu wa fizikia, ndiye anayewasomea maneno haya.

"Nisahihishie, Mwalimu."

Binti akaweka alama ya vema. "Iko sawa, Baba."

Ilikuwa sawa kwa jiwe. Moyo huuliza pia umepanda kwa haraka gani, na unachotumia haurudishiwi. Binti alilijua hilo, ila alitaka kumwona baba yake akitabasamu.

Jumanne, tarehe 14 Mei 2024, saa nne asubuhi, alianguka kwenye ngazi ya tisini na mbili. Bahasha ilikuwa mfukoni.

Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano. Binti yake mkubwa hajajisamehe, na ametaka lisemwe hapa mbele ya baba yake. Kwa ombi la binti huyo jeneza halikupita ngazini. Limezungushwa kwa barabara, na wabebaji wamelitua mara nne.

Pumzika, Baba. Leo hatuna haraka.