Mkungu kwa Masista

Kwenye gari la Kirua Vunjo kwenda Moshi, bibi mmoja aliyeteleza migombani alikuwa amefunga mkono kwa kanga.

"Shikamoo bibi. Unaenda hospitali ya serikali?" aliuliza kijana aliyeketi kando yake.

"Marahaba. Dawa wataniambia nikanunue nje. Zamani masista walinizalisha kulekule kijijini, nikawapelekea mkungu wa ndizi, wakashukuru." Mimi niliyeketi nyuma yao pia nilizaliwa kwa masista hao, pengine kwa mkungu mdogo.

"Lakini wajawazito wangapi walifia njiani enzi hizo, bibi? Juzi mke wangu kapasuliwa hospitali binafsi, yeye na mtoto wako salama. Ila nimeuza ng'ombe."

"Wa maziwa?"

"Huyohuyo."

"Sasa mzazi atakunywa maziwa ya nani?"

Gari likasimama stendi. Kijana alishuka kwanza, akamnyooshea bibi mkono ashikilie.