Agneta Nasipwondi na Dawa Nyekundu

Kama kuna mtu hapa anayefikiri kwamba kijana aliyeacha shule kidato cha pili hawezi kusoma historia ya mamake mwanzo hadi mwisho bila kukwama, basi asimame sasa tumwone, na asiyeamini kwamba marehemu alimfundisha nesi mzima kushona gunia, yeye akae tu, atasikia, kwa maana mimi Wekoye, kitinda mimba, dereva wa tuktuk anayejulikana Kitale yote, nimeiandika kwa mkono wangu, na wakubwa wangu wawili, pamoja na masomo yao, wameipitia wakakosa la kurekebisha.

Mama yetu Agneta Nasipwondi alizaliwa tarehe 12 Juni 1966 huko Malakisi, katika familia ya wakulima wa tumbaku, akaanza shule ya msingi mwaka wa 1973 na kuishia darasa la saba mwaka wa 1979, kwa hivyo wale wanaonicheka kuhusu shule wajue nilirithi. Mwaka wa 1983 alienda Kitale, akapata kazi kwenye stoo ya mahindi, akawa mshonaji wa midomo ya magunia hadi alipougua, na ile sindano ndefu ikimdunga alikuwa anafuta damu kwenye leso na kuendelea, bila hata kusema aish, mpaka wapagazi wakamheshimu kuliko tajiri mwenyewe.

Tarehe 5 Disemba 1987 aliolewa hapa Kabuchai na baba yetu, marehemu Mzee Wafubwa, mkulima wa miwa aliyetutoka mwaka wa 2011, wakajaliwa watoto watatu, kaka yetu aliye Nairobi, dada yetu aliyeolewa Malakisi, na mimi, ambaye nilitahiriwa Agosti 2012 mbele ya wengi wenu na sikupepesa macho, anayebisha aseme.

Mwezi wa Februari 2024 Mama aligundua uvimbe kwenye titi, vipimo vikaonyesha ni saratani, na tarehe 14 Machi akaanza dawa ya kudungwa, dawa nyekundu kama sharubati, ambayo Sista Cheptoo, nesi wetu, alitueleza kuwa inaua seli za saratani zinazozaana haraka, ila haichagui vizuri, ndiyo maana damu na moyo hupimwa, nywele huanguka, na mkojo wa siku hiyo hutoka mwekundu bila kuwa damu, tena akatuonya kwamba joto la mwili likipanda, hospitali ni siku hiyo hiyo, si kesho.

Dawa ya pili, mwezi wa Aprili, mkono ulianza kumchoma, na Mama, si mnamjua, akauma leso na kunyamaza kama yuko stoo, lakini Cheptoo akaona jasho, akafunga dripu papo hapo, akaita daktari, wakamkanda kwa kitu baridi, kisha akamwambia kwamba hapa hakuna anayesifiwa kwa kuvumilia, dawa hii ikivuja nje ya mshipa inakula nyama, ikichoma piga kelele. Tangu siku hiyo Mama alipiga kelele hata kabla sindano haijamgusa, wadi nzima ikicheka, na kwa shukrani akamfundisha Cheptoo fundo la gunia kwa kutumia bendeji.

Shida ilikuwa nyumbani Kitale, tulikokaa naye. Tuliambiwa kwamba kwa siku mbili baada ya kudungwa, dawa hutoka kwa mkojo, matapishi na jasho, mashuka yashikwe kwa glavu na kufuliwa kando, na mwenye mimba asiyaguse kabisa, na mke wangu Sandra alikuwa na mimba, baada ya ile tuliyopoteza mnayoijua. Sandra alitaka kufua, Mama akamkataza, akasema heri alale kwa uchafu kuliko mjukuu aumie, basi tukapata mtu wa kufua. Jirani yetu Suad aliuliza kama ugonjwa huambukiza, akaambiwa hapana, kula naye na mshike mkono, na tangu siku hiyo uji wake haukukosa.

Mjukuu alizaliwa salama tarehe 19 Agosti 2024, Mama akampakata, akavua leso na kusema vipara vyao vinafanana. Mwezi wa Januari 2025 ugonjwa ulipatikana kwenye ini, na tarehe 3 Mei 2025, asubuhi, akatuacha, hapa nyumbani Kabuchai.

Tunawashukuru madaktari, Sista Cheptoo, Suad na majirani wote wa Kitale, wapagazi na washonaji wa stoo waliofika na lori, na nyinyi watu wa Kabuchai mliokesha nasi.

Sasa kuna sehemu nimeruka. Mtu wa kufua hakuwepo. Niliwaambia ndugu zangu kwa simu ati ni mama mmoja wa Kiminini, kwa sababu wazee mnajua kijana aliyetahiriwa haingii chumba cha mamake wala kugusa malazi yake, na mimi niliingia, nikavaa glavu, nikayatoa mashuka, naye akageukia ukuta tusionane. Hatukuwahi kulizungumza. Nikiwa nje na beseni, aliita tu kupitia dirisha, kama anayeuliza habari za mgeni, mtu wa kufua amekula? Nami najibu, bado, Mama. Basi mpeni chakula, hiyo kazi ni nzito.

Nimejisifu mengi hapa kijijini, hilo sikuthubutu. Kama kuna kondoo wa kutoa kwa ajili ya mila, wazee, nitamleta baada ya mazishi.

Pumzika, Mama. Mashuka ni safi, na mtu wa kufua amekula.