Bwana Laini na Simu za Siku za Mvua

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, fundi wetu wa mitambo anastaafu. Humu kituoni tunamwita Bwana Laini, na wageni wengine hudhani ndilo jina alilopewa na wazazi wake. Nimeombwa niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ila mkiona nimeteleza mnivumilie.

Kazi ya kituo chetu cha kupima mto ni moja: maji yakipanda huku juu, ofisi ya bondeni ijue mapema, iwatoe watu. Ni Bwana Laini aliyeokota kompyuta chakavu stoo, akaiwekea mfumo wa Linux kwa kuwa programu nyingine zilikuwa zikiilemea, akaiunganisha na intaneti kwa modemu, kile kifaa cha kupitishia data kwenye simu, na waya uleule wa simu tuliokuwa tukiutumia kuwasalimia jamaa zetu. Modemu ikipiga, ilikuwa ikilia kama paka aliyekanyagwa mkia. Yeye aliinamisha kichwa akasikiliza, akajua kabla ya skrini kama imeshika au imegoma.

Tatizo lilikuwa mvua. Kukiwa kukavu, laini ilishika mchana kutwa. Mvua ikianza tu, inakatika. Alilaumu maji, na nani asingelaumu? Alibadilisha waya hadi kwenye nguzo, akafunga maungio kwa plastiki, akapunguza mwendo wa modemu, akapekua kumbukumbu za Linux, nazo zikamwambia tu kwamba mawasiliano yamekatika. Aliishuku hata birika ya umeme ya mpishi, akaipiga marufuku siku za mvua. Mpishi alinuna, akamwambia waziwazi kwamba ameishiwa akili. Tukakosa chai msimu mzima, na laini ikaendelea kukatika.

Kisha ukaja mwaka wa mafuriko. Alasiri ile alipiga, ikashika, ikakatika. Akapiga tena, ikashika, ikakatika. Onyo lilifika likiwa limechelewa. Mto ulichukua nyumba kadhaa za bondeni, na katika mojawapo alikuwamo mdogo wake wa kike, aliyechangia naye ziwa.

Msibani, shemeji yake alimwuliza kwa upole kwa nini simu ya kituo haikupokewa. Marehemu alikuwa amepiga na kupiga alasiri ile, akitaka kujua hali ya mto.  Bwana Laini alielewa palepale: kila mvua iliponyesha, bonde zima lilikuwa likitupigia, na kila simu iliyoingia ilitia kwenye laini ule mlio wa kuarifu kwamba kuna mwingine anapiga, modemu ikachanganyikiwa, ikakata. Waliokuwa wakilisubiri onyo ndio waliokuwa wakilikata, bila wao wala sisi kujua. Sijawahi kuona mtu mzima akizeeka kwa siku moja namna ile.

Alirudi kazini kabla likizo ya msiba haijaisha. Mbele ya namba inayopigwa na modemu aliongeza alama chache za kuzuia simu nyingine zisiingie, na laini haikukatika tena kwa mvua. Mpishi alipewa birika mpya, pamoja na radhi. Lakini sasa watu wa bondeni wakipiga walikuta simu inatumika, na hilo lilimnyima raha. Ndipo akajiwekea utaratibu: vipimo vikishafika, anachomoa modemu, anachomeka simu, anapiga nyumba moja baada ya nyingine. Alianza siku zote na ya shemeji yake.

Mitambo mipya itatuma vipimo kwa setilaiti, na waya wa simu utang'olewa wiki hiyo hiyo anayoondoka. Yeye anahamia bondeni, kwa shemeji yake na wapwa zake. Tulipomwuliza angependa zawadi gani, alituuliza nani atakuwa akiwapigia watu wa kule. Niliona aibu.

Asante, kaka, kwa mikono yako na kwa sikio lako. Tunakuombea afya na mapumziko yenye utulivu. Mvua ikianza huku juu, usihangaike kupiga. Kaa karibu na simu. Tutapiga sisi, kwa simu zetu wenyewe, na tutaanza na nyumba yenu.